The Simpsons: soma msimbo, achana na namba ya msimu

Wakikutana mashabiki wa The Simpsons, hukumu ni ileile: katuni ilikuwa moto mpaka msimu wa 8, msimu wa 9 ikaanza kuoza, na aliyeiozesha ni Mike Scully, aliyeanza kuwaongoza waandishi msimu huo. Ushahidi nao ni uleule, episodi ya The Principal and the Pauper iliyorushwa 28 Septemba 1997. Humo mwalimu mkuu Skinner anagundulika kwamba si Skinner kabisa. Jina lake ni Armin Tamzarian, na amekuwa akiishi kwa jina la sajenti wake wa vitani. Mhusika aliyejengwa kwa miaka minane anavunjwa ndani ya dakika 22, kisha jaji anaamuru mji mzima usilitaje tena jambo hilo. Hata Harry Shearer, anayemtilia Skinner sauti, aliiponda episodi hiyo hadharani.

Tatizo ni kwamba Scully hakuisimamia. Msimbo wake ni 4F23, maana yake ilitengenezwa kwenye kundi la msimu wa 8 chini ya Bill Oakley na Josh Weinstein, watu haohao ambao mashabiki wanawasifu kwa kuwa wa mwisho kuijulia katuni hii. Ilibaki ghalani, ikarushwa vuli iliyofuata, na lawama ikamkuta aliyekuwa ameketi kitini siku hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kuelewa The Simpsons ilibadilikaje, na kwa nini, aanze na msimbo wa utayarishaji. Umeandikwa kwenye orodha ya majina inayopita mwishoni mwa kila episodi, na kanuni yake ni nyepesi. Msimu wa 1 ni 7G. Wa 2 ni 7F, wa 3 ni 8F, wa 4 ni 9F. Hapo hesabu inarudi nyuma: wa 5 ni 1F, na inapanda moja moja mpaka wa 9, ambao ni 5F. Kuanzia wa 10 zinatumika herufi: AABF, wa 11 BABF, wa 12 CABF, na kuendelea hivyo, herufi I ikirukwa, mpaka wa 20 ambao ni LABF. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha episodi ilikuwa ya ngapi kwenye foleni ya kazi. Haziambii ilirushwa ya ngapi.

Ukiishika kanuni hiyo, msimu wa 9 unafumuka kama nguo iliyoshonwa kwa viraka. Episodi za kwanza ni masalia ya Oakley na Weinstein. Lisa's Sax na Simpson Tide zina msimbo wa ajabu, 3G, kwa sababu zilitengenezwa pembeni na Al Jean na Mike Reiss, viongozi wa msimu wa 3 na wa 4, waliokuwa wameshaondoka lakini wakapewa episodi nne za kusimamia. The Joy of Sect, ile ya dhehebu linalowateka watu wa Springfield, mji wa katuni hii, ilisimamiwa na David Mirkin, kiongozi wa msimu wa 5 na wa 6. Nyingi ya zilizobaki ndizo za Scully. Vikosi vinne ndani ya msimu mmoja, halafu mtu anasema “msimu wa 9 una ladha hii”.

Kwa nini episodi zinabaki ghalani? Kwa sababu kutengeneza moja kunachukua miezi tisa hivi, na hatua zake hazirukiki. Mwandishi analeta wazo mbele ya wenzake, likikubaliwa anaandika rasimu ya kwanza peke yake. Rasimu inaingia chumba cha waandishi na kukatwakatwa na watu wengi kwa siku kadhaa. Utani mwingi unaousikia haukuandikwa na mtu ambaye jina lake liko mwanzoni mwa episodi. Baada ya hapo waigizaji wanaisoma mezani kwa sauti mbele ya watu, waandishi wakiweka alama pale chumba kilipocheka na pale kilipokaa kimya. Inaandikwa upya. Sauti zinarekodiwa. Wachoraji wa Los Angeles wanachora storibodi na kuziunga na sauti ziwe animatiki, yaani picha za penseli zinazosogea kidogo tu. Waandishi wanaitazama, na hapo skripti inakatwa tena, maana utani uliochekesha mezani unaweza kufa ukishapewa sura. Ndipo kazi inapelekwa Seoul, Korea Kusini, ambako wachoraji wanajaza picha za katikati na kutia rangi. Ikirudi ina rangi, inabaki nafasi ndogo ya kusahihisha: mhusika akiwa amegeuka na mdomo wake hauonekani, unaweza kumtilia sentensi mpya, lakini huwezi kumhamisha kutoka jikoni kwenda barabarani bila gharama kubwa.

Ratiba hiyo ndefu imeitengeneza katuni kwa namna mbili. Kwanza, misimu ya mwanzo haina utani wa habari za wiki, kwa kuwa habari ya leo ingerushwa ikiwa imeshasahauliwa, na ndiyo maana episodi za mwaka 1992 bado zinachekesha bila kamusi. Pili, kiongozi mpya wa waandishi akiingia, miezi ya kwanza hewani inakuwa ya mtangulizi wake. Anasifiwa au anatukanwa kwa kazi isiyo yake.

Tuanze na mwanzo wenyewe, ambao nusura uwe mwisho. Familia hii ilizaliwa kama vichekesho vifupi ndani ya kipindi cha The Tracey Ullman Show, kuanzia 19 Aprili 1987, 48 kwa jumla. Matt Groening, mbunifu wake, alileta michoro mikavu akidhani studio itaisafisha. Wachoraji wakaifuata jinsi ilivyo. Rangi ya njano ilichaguliwa na Gyorgyi Peluce, mtia rangi wa studio ya uchoraji ya Klasky Csupo. Fox ilipoagiza episodi 13 za nusu saa, ya kwanza kukamilika ilikuwa Some Enchanted Evening, msimbo 7G01, na iliporudi kutoka Korea watayarishaji walishtuka. Nyumba ya Simpson ilikuwa inayumba. Milango iligongwa ikajikunja kama mpira. Huo ni mtindo wa katuni za zamani za wanyama wanaopondwa na kuinuka, na hapa ulikuwa sumu: kama mlango unaweza kujikunja, basi Homer, baba wa familia, akianguka hakuna anayejali kama ameumia. Mtayarishaji James L. Brooks na wenzake walikuwa wanataka nyumba ngumu, uzito wa kweli, na maumivu ya kweli. Sehemu kubwa ya episodi ikachorwa upya, uzinduzi ukasogezwa, na episodi ya Krismasi, 7G08, ikafungua mfululizo tarehe 17 Desemba 1989. Ile ya kwanza ikarushwa ya mwisho, 13 Mei 1990. Ukiitazama leo kwa makini, bado utaona baadhi ya picha ambamo vichwa vimekaa vibaya shingoni.

Kuitambua episodi ya msimu wa 1 ni rahisi hata ukikuta kipande tu mtandaoni. Nywele za Barney, mlevi rafiki wa Homer, ni za njano kama ngozi yake. Baadaye zikawa kahawia, kwa kanuni kwamba familia ya Simpson pekee ndiyo yenye nywele za rangi ya ngozi. Smithers, msaidizi wa bosi wa Homer, katika Homer's Odyssey ni mtu mweusi, kosa la rangi ambalo hapakuwa na fedha ya kulirekebisha, na episodi zilizofuata zikamgeuza njano kimyakimya. Vibonzo vya ufunguzi navyo ni tofauti: Bart, mtoto wa kiume wa Homer, anaiba kibao cha kituo cha basi, na Lisa dada yake anaendesha baiskeli. Kubwa kuliko yote ni sauti ya Homer. Dan Castellaneta alianza kwa kumwigiza Walter Matthau, sauti nzito ya mnuno inayotokea kifuani. Ilikuwa ngumu kuishikilia kwa saa nyingi za kurekodi, na haikuwa na mahali pa kupanda Homer akikasirika au akifurahi. Kuanzia msimu wa 2 aliibadilisha, na kufikia wa 3 ndiyo sauti tunayoijua.

Badiliko hilo la koo ndilo lililogeuza mfululizo mzima. Mwanzoni nyota alikuwa Bart; yeye ndiye aliyekuwa kwenye fulana. Lakini mtoto mtukutu ana hadithi chache, kwa kuwa mwisho wa siku anaadhibiwa na kwenda kulala. Mtu mzima mwenye kazi, deni, ndoa, baba mzee na jirani anayemkera ana hadithi zisizokwisha. Homer wa sauti nzito alikuwa baba mkali tu. Homer wa sauti mpya aliweza kulia, kuropoka, kubembeleza na kuota ndoto za mchana, na waandishi wakamhamia.

Misimu ya 3 na 4, ya Al Jean na Mike Reiss, ndipo utani ulipoanza kusongamana. Kuanzia msimbo 9F kazi ya uchoraji ilihama Klasky Csupo kwenda Film Roman, na ukilinganisha Kamp Krusty (8F24, Septemba 1992) na Homer the Heretic (9F01, Oktoba 1992) utauona mpaka kwa macho: zote mbili ni msimu wa 4 kwenye ratiba, lakini ni studio mbili. Marge vs. the Monorail, iliyoandikwa na Conan O'Brien na kurushwa 14 Januari 1993, ndiyo iliyofungua mlango wa mji mzima kuwa kichaa. Kabla yake Springfield ilikuwa mandhari ya nyuma ya familia. Baada yake, mji wenyewe ukawa mhusika: kundi la watu linaloweza kushawishiwa na mwimbaji mmoja kununua treni lisiloihitaji.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye sekunde thelathini za episodi ya Cape Feare, kwa sababu zinaonyesha jinsi ajali ya kiwandani inavyozaa mtindo. Hii ni 9F22, kwa hiyo ni ya Jean na Reiss ingawa ilirushwa Oktoba 1993 ndani ya msimu wa 5, na Mirkin amesifiwa kwayo mara nyingi bure. Sideshow Bob, mhalifu anayetaka kumuua Bart, anatoka chini ya gari alimojificha, amechakaa, anapiga hatua moja na kukanyaga reki. Mpini unamgonga usoni. Ananung'unika kwa kutetemeka. Kwenye skripti ilikuwa mara moja tu. Episodi ilipopimwa ikawa fupi, haifikii muda ambao kituo kinadai, na waandishi wengi walikuwa wanafungasha vitu vyao kuondoka. Basi wakairudia reki. Na tena. Jumla zinamgonga mara tisa, na mnung'uniko ni uleule mmoja uliorekodiwa na Kelsey Grammer, mwenye sauti ya Bob, umenakiliwa. Mara ya kwanza unacheka. Ya tatu inachosha. Ya sita hasira inaanza kugeuka, na ya tisa umeshika mbavu. Tangu hapo kurudia mpaka kuchosha na kuvuka uchovu kumekuwa chombo halali, na katuni za watu wazima zilizokuja baadaye zimekitumia kupita kiasi, nyingi zikisahau kwamba hapa reki zote tisa zinatimiza kazi: zinamdhalilisha mtu anayejiona msomi.

Mirkin alikuta chumba kitupu, ikabidi aajiri upya, na ndiyo sababu misimu ya 5 na 6 inasikika tofauti hata kwa masikio ya mgeni. Utani ni wa ajabuajabu zaidi, hisia zinafupishwa, na Homer anapelekwa popote. Deep Space Homer (1F13, Februari 1994) ilimpeleka angani, na Groening mwenyewe alikuwa na wasiwasi: mtu wa kawaida ukishamfikisha angani, kesho unampeleka wapi? Swali hilo ni zito kuliko lilivyoonekana wakati huo. Episodi yenyewe ni nzuri sana, ila ilivunja uzio.

Oakley na Weinstein walijaribu kuujenga uzio upya. Mpango wao wa misimu ya 7 na 8 ulikuwa kurudi kwenye hadithi za familia zenye uzito, na kutenga episodi chache kila mwaka kwa majaribio ya muundo, kama 22 Short Films About Springfield. Walijua pia kwamba Homer ameshabadilika, wakaliandikia tatizo hilo episodi nzima: Homer's Enemy, 4F19, Mei 1997. Anaajiriwa kiwandani mtu wa kawaida aitwaye Frank Grimes, aliyeteseka maisha yake yote, anamkuta Homer ana nyumba kubwa, familia, na ameshafika angani bila kufanya kazi hata siku moja. Anapandwa na wazimu na kufa. Kwa maoni yangu hii ndiyo episodi muhimu kuliko zote kwa anayetaka kuelewa mabadiliko ya katuni hii, kwa sababu waandishi wenyewe wanakiri ndani ya hadithi kwamba Homer hafai tena kuishi kwenye dunia ya watu halisi.

Mhusika anavyochakaa si siri kubwa, na mfano bora ni Ned Flanders. Katika Dead Putting Society (Novemba 1990) Flanders ni jirani mwenye bahati: anamkaribisha Homer chumba chake cha starehe, bia inatoka kwenye bomba, mwanawe ana adabu. Ni mcha Mungu pia, lakini kinachomuudhi Homer ni kwamba mtu huyu ni mwema na mambo yake yamenyooka. Sasa fikiria chumba cha waandishi miaka mitano baadaye. Una sekunde nne za kumpitisha Flanders kwenye tukio na unataka kicheko. Utani unaowahi kufika ni wa dini. Unaandika huo. Mwandishi mpya anayeingia amejifunza Flanders kutokana na sekunde hizo nne nne, kwa hiyo anapopewa episodi nzima ya Flanders anaandika mtu mwenye sifa moja. Hakuna aliyekusudia. Utani mfupi unakula tabia, na kadiri mji unavyojaa wahusika ndivyo kila mmoja anavyopata muda mfupi zaidi na kuliwa haraka zaidi. Lenny alikuwa mfanyakazi, Moe alikuwa muuza baa mwenye hasira, Ralph Wiggum alikuwa mtoto mzito wa kuelewa. Wote wakabaki na utani mmoja mmoja.

Misimu ya Scully, hasa 10 mpaka 12, ina alama unayoweza kuipima kwa saa. Theluthi ya kwanza ya episodi inasimulia jambo lisilohusiana na hadithi yenyewe. Sisi tunao mfano wa nyumbani: Simpson Safari, CABF13, iliyorushwa 1 Aprili 2001 na kuandikwa na John Swartzwelder, ambaye ana episodi 59 kwa jina lake. Inaanza na mgomo wa vijana wanaopakia bidhaa kwenye mifuko dukani. Chakula kinaisha nyumbani, Homer anachokonoa boksi la zamani la biskuti, anakuta zawadi ya safari, na ghafla wako Tanzania. Mgomo hautajwi tena. Ndegeni wanatangaziwa kwamba Tanzania sasa inaitwa New Zanzibar, na kabla hawajatua jina limeshabadilika tena kuwa Pepsi Presents New Zanzibar. Kiongozi wao wa safari anaitwa Kitenge. Kisha wanamkuta Dk. Joan Bushwell, mtafiti wa sokwe, ambaye ni dhihaka ya wazi kwa Jane Goodall aliyeanza kazi Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Bushwell anawatumikisha sokwe wake kuchimba almasi.

Ukiichukua episodi hiyo kwa vipande, kosa lake halihitaji mtu awe Mtanzania kuliona, ingawa Mtanzania atajua haraka kwamba almasi ziko Mwadui, Shinyanga, na sokwe wako ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kosa ni kwamba familia haitaki kitu. Hawakwenda Tanzania kwa sababu ya ugomvi wa ndoa, wala ndoto ya Lisa, wala deni. Walikwenda kwa sababu ilikuwa zamu ya nchi nyingine. Bila kutaka, hakuna cha kupoteza, na matukio yanapangwa tu: kiboko, Wamasai, sokwe, almasi. Utani wa jina la nchi ni mzuri, nitautetea popote. Ila unasimama peke yake.

Nisiwe mkali kupita haki. Kipindi hichohicho cha Scully kilitoa Trash of the Titans na Behind the Laughter, zote mbili zikashinda tuzo ya Emmy. Na kilikumbwa na mambo ambayo hakuna skripti ingeyazuia. Phil Hartman aliuawa Mei 1998, na wahusika aliowatilia sauti, Troy McClure na wakili Lionel Hutz, wakastaafishwa badala ya kupewa sauti nyingine. Maude Flanders, mke wa Ned, aliuawa ndani ya hadithi Februari 2000 baada ya Maggie Roswell, aliyemtilia sauti, kuondoka kwa mgogoro wa malipo. Mwaka 1998 waigizaji wakuu nao walikuwa wamegombana na Fox kuhusu mshahara, na studio ikatishia kutafuta wengine.

Al Jean alirudi msimu wa 13 na kukaa miaka ishirini hivi, na humo mabadiliko makubwa ni ya mashine kuliko ya maneno. Rangi za brashi kwenye plastiki ziliachwa, na kuanzia msimu wa 14 (2002) kutia rangi kwa kompyuta kukawa kawaida. Tazama kuta za sebuleni. Kwenye misimu ya zamani rangi haitulii kabisa, kuna vumbi na kivuli kidogo cha plastiki juu ya karatasi. Kwenye mpya ukuta ni bapa na safi, na mistari ya wahusika ina unene uleule mwanzo mpaka mwisho. Kilichopotea ni nyuso za ajabu. Mchoraji wa 1993 alikuwa na ruhusa ya kuuvuta uso wa Homer usifanane na Homer kwa nusu sekunde; baadaye kila pozi lilifuata karatasi ya mfano. Tarehe 15 Februari 2009 ikaja picha pana na ufunguzi mpya.

Wakati wenyewe nao uliwashinda. Bart ana miaka kumi daima, lakini kalenda ya nje inatembea. The Way We Was (Januari 1991) ilisema Homer na Marge walikutana sekondari mwaka 1974. Kufikia 2008 hesabu hiyo ingewafanya wakaribie uzee, basi That '90s Show ikawahamishia ujana wao miaka ya 1990, Homer akiwa na bendi ya grunge, aina ya muziki wa roki. Mashabiki walikasirika. Hesabu ilikuwa sahihi. Walichokosea ni kuifutilia mbali hadithi iliyopendwa badala ya kukaa kimya, jambo ambalo katuni hii ilikuwa ikilifanya vizuri miaka yote kwa Smithers na Barney.

Sauti ndizo zinazozeeka bila kificho. Koo la Julie Kavner limekauka, na Marge wa leo anasikika mzee kuliko mumewe. Marcia Wallace alifariki 2013 na mwalimu Krabappel akaondoka naye. Russi Taylor alipofariki 2019, Martin Prince alipewa Grey Griffin. Mwaka 2020, baada ya mabishano yaliyochochewa na filamu ya Hari Kondabolu kuhusu Apu, muuza duka wa Kihindi ndani ya katuni, Hank Azaria aliacha sauti hiyo, na watayarishaji wakatangaza kwamba wahusika wasio weupe hawatatiliwa tena sauti na waigizaji weupe. Carl akapewa Alex Désert, Dk. Hibbert akapewa Kevin Michael Richardson. Muziki pia: Alf Clausen, aliyeongoza okestra tangu msimu wa 2, aliondolewa 2017, na ukisikiliza kwa spika nzuri utagundua muziki umepungua kutoa utani wake wenyewe.

Matt Selman alianza kusimamia episodi moja moja tangu 2011, na tangu msimu wa 33 (2021) ndiye anayeshika nyingi. Wale walioacha kutazama mwaka 2000 wanapoteza hapa. Dawa yake kwa uchakavu ni kukubali kwamba kila episodi ni dunia yake: A Serious Flanders ni hadithi ya uhalifu ya sehemu mbili, Bart's Birthday (29 Septemba 2024) inajifanya kuwa episodi ya mwisho ya mfululizo na kukejeli jinsi mifululizo inavyoagana. Si zote zinafaulu. Lakini familia inataka kitu tena, na Homer amerudi kuwa baba anayekosea badala ya jitu linaloharibu. Aprili 2025 Fox iliagiza zaidi, mpaka msimu wa 40.

Ukiamua kulinganisha mwenyewe, tazama kwa jozi, mhusika mmoja na miaka mingi katikati: Dead Putting Society kisha A Serious Flanders kwa Ned, Lisa's Wedding (1995) kisha Holidays of Future Passed (2011) kwa namna wanavyoiona kesho, The Way We Was kisha That '90s Show kwa wakati. Episodi mbili kwa usiku mmoja zinatosha.

Na kagua umbo la picha kabla ya kubonyeza. Misimu kumi na tisa ya kwanza na sehemu ya wa 20 zilichorwa kwa skrini ya mraba, 4:3. Disney+ ilipozinduliwa Novemba 2019 iliikata juu na chini ili ijaze televisheni pana, na utani ukakatwa humo humo. Kwenye episodi ya Duffless wanapita kiwanda cha bia wakionyeshwa matangi matatu, Duff, Duff Lite na Duff Dry. Utani wote ni bomba moja juu linalojaza matangi yote matatu, na bomba ndilo lililokatwa. Tangu Mei 2020 kuna kitufe kwenye ukurasa wa maelezo wa mfululizo cha kuzima picha iliyokuzwa. Kizime. Ukiona mistari myeusi kushoto na kulia, hapo bomba limerudi. Kuanzia 15 Februari 2009 kwenda mbele huhitaji kugusa chochote.